Kuvua kwa Mchezo: Khabari ya Karpu wa Uingereza na Khitilafu ya Watu juu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baad. Ndugu zetu wasomaji, imetufikia barua ya baharia mmoja wa pwani ya kaskazini, afanyaye kazi katika mashua ya injini ichukuayo wageni kwenda kuvua nduwaro na sulisuli. Asema yakuwa mgeni mmoja, mtu wa Uingereza, alimwonyesha picha za samaki wa ziwa la kwao: samaki mnene, tumbo kama pakacha lililojaa, amepakatwa mikononi kama mtoto mchanga. Baharia akamwuliza walimpikaje. Yule mgeni akastaajabu, akajibu kwamba samaki huyo haliwi. Huvuliwa, hupimwa uzito, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini, na yeye amekwisha kumvua samaki yule yule mara mbili. Ndugu yetu auliza mambo mawili: ni raha gani waipatayo watu hawa, na je, yeye apokeaye mshahara na bakhshishi kwa kazi iliyo mfano wa hiyo, ana lawama?

Swali la pili halijibiki mpaka lile la kwanza lifahamike. Kwa hiyo somo hili tutalianza mbali, katika maziwa ya Uingereza, kwani huko hoja za wausifuo mchezo huu na wauлaumuo zimesemwa wazi kwa muda mrefu. Kisha tutarejea kwenye mashua ya ndugu yetu.

Samaki mwenyewe aitwa karpu. Wazee wetu hawakumpa jina, kwa kuwa si wa bahari yetu wala si wa mito yetu. Jamaa zake katika maji ya bara ni kuyu na ningu. Watu wa Misri humwita mabruk, na katika Baghdad yeye ni mmoja wa samaki wapasuliwao na kubanikwa kando ya moto, ndicho chakula kiitwacho masguf. Asili yake ni Asia na mito imiminikayo katika Bahari Nyeusi. Ana ndevu nne, mbili kila upande wa mdomo, ambazo kwazo hupapasa na kuonja matope. Mdomoni hana meno, bali meno yake yako kooni, na kwayo husaga konokono na mbegu ngumu. Huishi miaka ishirini, thelathini, hatta zaidi. Wako wenye magamba mwili mzima, na wako wenye magamba machache makubwa yang'aayo kama vioo, wala hawa wa pili hawafanani mmoja na mwenziwe. Tafadhali msomaji likumbuke jambo hili la magamba, kwani ndilo limwezeshalo mvuvi kumtambua samaki mmoja mmoja kama mfugaji atambuavyo ng'ombe zake.

Hapo kale karpu alikuwa chakula tu. Watawa wa Kinasara katika Ulaya walimfuga mabwawani wapate kitoweo katika siku zao za kujizuia na nyama. Kitabu cha Kiingereza juu ya uvuvi wa mshipi, kilichopigwa chapa mwaka wa 1496, kinamtaja kuwa nadra katika nchi ile. Na Izaak Walton, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1653, alimwekea mlango mzima. Katika nchi ya Wacheki bado ni chakula cha heshima mpaka leo: bwawa kubwa la Rožmberk, lililokwisha kujengwa mwaka wa 1590, lingali likivuliwa karpu, na usiku wa kuamkia Krismasi nyumba nyingi huko haziandaliwi ila kwa samaki huyu. Lakini Waingereza waliacha kumla. Samaki wa bahari walipofika miji ya bara kwa gari la moshi na barafu, nani angemtamani samaki wa miiba mingi mwenye harufu ya tope? Basi karpu akabaki katika mabwawa ya majumba ya matajiri, akanenepa, na watu wakaamini yakuwa karpu mkubwa hashikiki kwa mshipi.

Aliyeivunja imani hiyo ni Richard Walker, mtu wa elimu ya mitambo. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 13 Septemba mwaka wa 1952, katika ziwa dogo la Redmire, jimbo la Herefordshire, alimvua karpu wa ratili 44, yaani kiasi cha kilo 20, kwa chambo cha mkate. Hapakuwa na aliyepata mfano wake Uingereza kabla ya siku hiyo. Walker hakumla wala hakumkausha amtundike ukutani. Alipeleka khabari London, samaki akachukuliwa hai akatiwa katika birika la bustani ya wanyama, na watu wakaenda kumtazama mpaka alipokufa mwaka wa 1971. Walker ndiye aliyefundisha kwamba karpu atafutwe kwa akili, si kwa bahati: alitengeneza kengele ya umeme ya kumwamsha mvuvi samaki aguguapo chambo usiku, akaandika kitabu chake mwaka wa 1953, na kundi la marafiki zake wakaandikiana barua juu ya kila walichokiona majini. Tangu hapo mchezo ukawa ilimu yenye wanafunzi.

Na ilimu hiyo ina hila moja ambayo mvuvi wa pwani ataistaajabia. Karpu hamezi kwa pupa kama changu. Hufyonza chakula pamoja na tope, akakipima mdomoni, akakitema asichokipenda, na yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Ndoana iliyovikwa chambo ni nzito na ngumu, naye huijua, akaitema. Mwisho wa miaka ya 1970 Waingereza wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, walifikiri hivi: mbona chambo kiwe juu ya ndoana? Wakakifunga pembeni yake kwa unywele wa kichwa, ndoana ikabaki tupu. Karpu akakifyonza chambo kilicho huru, ndoana nyepesi ikamfuata chambo mdomoni. Alipotaka kukitema, ncha ikajigeuza ikashika mdomo wa chini. Ongeza hapo chubwi zito liliapo chini, naye ashtukapo kukimbia hujichoma mwenyewe kabla mvuvi hajagusa ufito. Chambo chenyewe ni viduara vya unga na mayai vilivyochemshwa, ukiviona utadhani ni kaimati ndogo zisizotiwa shira. Na wako wavitiao mafuta, manukato na rangi, wakavitupa majini ratili kwa ratili ili samaki wavizoee.

Sasa raha yake ni nini? Tumesoma maneno ya wavuvi hawa, na tutawatendea insafu. Wasema yakuwa raha haimo katika kumshika, maana mtu aweza kukaa hemani kando ya ziwa siku tatu mchana na usiku asiguswe mshipi hata mara moja. Raha imo katika kungojea na kutazama: mapovu yatokayo topeni, mawimbi yasiyoletwa na upepo, samaki arukaye mbali wakati wa alfajiri. Wengi wao ni watu wa viwandani na maofisini, ambao juma zima husikia kelele za mashine na simu. Ziwa ni mahali pao pa kunyamaza. Baharia yeyote aliyelala juu ya dau akingoja maji yajae aijua raha hiyo, hahitaji kuelezwa. Na iko raha ya pili, ya kumjua samaki. Kwa sababu ya yale magamba, kila karpu mkubwa ana jina lake, umri wake, uzito wake wa kila mwaka na orodha ya waliomvua. Mtu humtafuta mmoja kwa miaka, kama vile washairi wa zamani walivyomtafuta mpenzi asiyeonekana.

Hapa ndipo ilipo ajabu. Wavuvi hawa humpenda samaki kweli. Hawamlazi juu ya mchanga wala majani makavu; humtandikia godoro laini lililotiwa maji, hulowesha mikono yao kabla ya kumgusa ili utelezi wa ngozi yake usitoke, humpaka dawa penye jeraha la ndoana, kisha humshikilia majini mpaka apate pumzi aondoke mwenyewe. Katika kusini mwa Uingereza palikuwa na karpu aliyeitwa Two-Tone, ambaye mwaka wa 2008 alifika uzito wa ratili 67 na zaidi. Alipokufa mwaka wa 2010 alizikwa kando ya ziwa lake, na watu wakaja kwa huzuni. Mwingine, aitwaye Benson, alikufa mwaka wa 2009 baada ya kuvuliwa zaidi ya mara 60. Tafakari, ewe msomaji: mara sitini kuchomwa mdomo, na mara sitini kupakwa dawa na watu wale wale! Huruma yao ni ya kweli, hatuikanushi. Lakini huruma hiyo hiyo ndiyo imwekayo samaki hai ili achomwe tena.

Walaumuo husema: hayo ni mateso. Watetezi hujibu: samaki hana maumivu, kwani akili yake haina sehemu ile ambayo kwayo mwanadamu huhisi. Hoja hiyo ilitiwa nguvu mwaka wa 2002 na James Rose, mwalimu wa chuo kikuu cha Wyoming katika Marekani. Alisema yakuwa ubongo wa samaki haukuumbwa na tabaka la juu ambalo bila yake hapana kujua maumivu, na kwamba kupapatika kwake ni mshtuko tu wa viungo. Mwaka uliofuata, 2003, Lynne Sneddon na wenziwe katika Scotland walitoa khabari ya majaribio yao juu ya samaki aitwaye trauti. Waliona midomoni na usoni pake mishipa ya fahamu ipokeayo jeraha, moto na sumu, mfano wa ile iliyo katika wanyama wengine. Wakamchoma sindano za sumu ya nyuki na siki kali midomoni: samaki wakayumbayumba chini ya birika, wengine wakasugua midomo yao changaraweni, wakaacha kula kwa muda wa saa tatu hivi, hali wale waliochomwa maji ya chumvi au wasiochomwa kitu walirudi kula kwa chini ya nusu ya muda huo. Walipopewa dawa ya kutuliza maumivu, vitendo hivyo vilipungua. Rose hakukubali, na ubishi wao ungali ukiendelea. Lakini mtu asugua midomo yake kwa mawe bila ya sababu?

Liko pia jaribio la mwaka wa 1970, la Mholanzi aitwaye Beukema. Aliwatia karpu bwawani akawavua kwa mshipi siku baada ya siku, akaona yakuwa aliyeshikwa mara moja huwa mgumu kushikwa tena kwa muda mrefu. Jambo hili lina ncha mbili. Laonyesha kuwa samaki hukumbuka lililompata, na asiyehisi kitu angekumbuka nini? Lakini pia ndilo lifanyalo mchezo uwe mtamu kwa mvuvi, kwa kuwa kila mwaka hupambana na mwanafunzi aliyekwisha kujifunza. Ile hila ya unywele isingevumbuliwa kama karpu wangekuwa wajinga.

Na sharia za nchi zimepingana kwa namna ya kuchekesha kama si ya kusikitisha. Katika Uingereza, ziwa nyingi za karpu zina masharti ya wenyewe kwamba kila samaki arudishwe, na anayemchukua nyumbani huhesabiwa mwizi. Sharia yao ya mwaka wa 2006 ya kuwalinda wanyama imeuacha nje uvuvi wa kawaida. Kisha sharia nyingine ya mwaka wa 2022 imekiri kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo, na samaki ni katika hao, wana hisi. Vuka bahari uende Ujerumani: sharia yao ya mwaka wa 1972 yakataza kumtia mnyama maumivu pasipo sababu ya maana, na sababu ya maana ya kuvua ni kula, wako waliotozwa faini kwa kumpiga picha karpu mkubwa kisha kumwachia. Katika Uswisi, kanuni ya mwaka wa 2008 yakataza waziwazi kuvua kwa nia ya kurudisha. Basi kitendo kimoja, samaki mmoja: upande huu wa mpaka kumwachia ni rehema na kumla ni aibu, upande ule kumla ndiko kumwondoleako mvuvi kosa. Na wote wawili wasema wamhurumia samaki.

Khitilafu hii iliingia hatta ndani ya Uingereza yenyewe. Baada ya mwaka wa 2004 walihamia huko watu wengi wa Poland na nchi jirani zake, ambao karpu kwao ni kitoweo cha sikukuu. Wakavua, wakapika. Wenyeji wakapandwa na ghadhabu, kwa sababu samaki aliyekuwa na jina na picha zake ametiwa sufuriani. Sisi kwetu kisa hiki chatufundisha zaidi kuliko majaribio ya maabara. Yule mgeni aliyemla karpu alifanya lile ambalo samaki amevuliwa kwalo tangu dunia ianze, akaonekana mshenzi. Na aliyemchoma kwa furaha akamwacha na jeraha akaonekana mstaarabu. Hatusemi yakuwa kuiba katika ziwa la mtu ni halali, hasha. Twasema tu kwamba hasira ile haikuwa juu ya wizi peke yake.

Haifai kuficha mema yao. Mwaka wa 1948 wakili mmoja wa Kiingereza, John Eastwood, alianzisha jumuiya ya wavuvi wa mshipi ya kuwashitaki wachafuao mito, na kesi ya mto Derwent, iliyokwisha mwaka wa 1953, iliwashinda kiwanda kikubwa, baraza la mji na idara ya umeme pamoja. Serikali ilikuwa haijafanya hayo. Wavuvi waliyataka maji safi kwa ajili ya mchezo wao, na watu wote wakafaidika. Kadhalika madhara yapo. Tamaa ya samaki wakubwa imewafanya baadhi ya wafanya biashara wawaingize karpu kwa magendo kutoka nchi nyingine, na pamoja nao maradhi yauayo ziwa zima. Ubaya wa maradhi ya namna hii waliuona watu wa Iraq mwaka wa 2018, karpu wa kufugwa walipoelea wamekufa kwa maelfu juu ya maji ya Furati. Na pale samaki walikuwa riziki ya watu, si mchezo.

Hatta karibu nasi karpu yuko. Alionekana katika ziwa la Naivasha mwaka wa 2001, akaongezeka mpaka akawa ndiye samaki mkubwa wa soko la hapo. Wavuvi wa Naivasha hawampi jina wala hawampigi picha. Humtia nyavuni, wakamwuza, watoto wakala.

Turejee kwa baharia wetu. Kuvua kwa ajili ya kula, kuuza au kutoa sadaka ni halali, hapana aliyekhalifu, wala samaki hana haja ya kuchinjwa. Kuvua au kuwinda kwa mchezo tu, bila ya haja ya kile kilichoshikwa, wanavyuoni wameuwekea mlango mwingine: wako waliosema ni makuruhi, na wako waliosema ni haramu. Miongoni mwa dalili zao ni katazo la Mtume, rehema na amani zimshukie, la kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na khabari ya ndege aliyeuawa bure kwamba atashitaki siku ya Kiyama. Mtu aweza kusema: nduwaro arudishwaye hakuuawa. Ni kweli, na kwa sababu hiyo twaona kuwa hukumu yake yataka kadhi, si karatasi kama hii. Lakini jeraha lipo, na saa nzima ya kuvutwa ipo, na wengine hufa baada ya kuachiwa. Amwachiaye samaki mchanga au mwenye mayai ili bahari isikaukiwe, huyo hana neno; wala si sawa na yule aliyetia ndoana akijua tangu mwanzo kwamba hamtaki samaki bali amtaka mapambano yake.

Kazi ya baharia mwenyewe imechanganyika. Hushika usukani, hutazama injini, hutia barafu, na jodari, nguru na kolekole washikwao siku hiyo huenda jikoni au sokoni. Sehemu hiyo ya mshahara wake hatuoni shaka juu yake. Katika sehemu ile ya nduwaro na sulisuli, kwa kuwa si yeye aamuaye, na afanye aliwezalo: amshauri nahodha kutumia ndoana za duara, ambazo hushika pembe ya mdomo na si utumbo, samaki akisogea ubavuni, mshipi ukatwe karibu na mdomo hali yeye angali majini, wala asikubali apandishwe sitahani. Jumuiya iliyo Watamu iandikishayo samaki wavishwao alama, African Billfish Foundation, hutaka samaki aachiwe katika hali njema, kwa hiyo maneno yake hayatakuwa mageni kwa nahodha.

Ama bakhshishi, ile itolewayo kwa kuletewa mgeni nguru safi aliyepaswa magamba ni ujira wa kazi. Ile itolewayo ili sulisuli ashikiliwe nje ya maji dakika nyingine mbili picha ipate kutoka vizuri, tungemwuliza kadhi kabla ya kuitia mfukoni. Wallahu aalam.